Kwenda Bwama: mwongozo wa kufika kisiwa walichotengewa wenye ukoma katika Ziwa Bunyonyi

"Bwama? Mzee, kule hakuna kitu. Ni shule tu."

Mwenye mtumbwi alinitazama kama abiria aliyeshuka kituo kisicho chake. Akaanza kunitajia visiwa ambavyo kwake vina kitu: Akampene, walikotelekezwa mabinti waliopata mimba kabla ya kuolewa, Akabucuranuka, ambacho hadithi inasema kilipinduka na watu wake wote wakiwa katikati ya ulevi. Nikamwambia hiyo shule ndiyo niliyoifuata kutoka Bukoba. Akacheka, akatupa makafi ndani ya mtumbwi, akaniambia nikae mbele na nisitikisike.

Hakunidanganya. Bwama kiko katika Ziwa Bunyonyi, kusini magharibi mwa Uganda, jirani na mji wa Kabale. Watu wa Kigezi, eneo la milima linalozunguka Kabale, waliougua ukoma waliishi pale kwa miaka mingi, mbali na vijiji vyao. Leo hakuna makumbusho wala dirisha la tiketi. Usitegemee mabango ya kukueleza nyumba gani ilikuwa ya nani. Kuna watoto wa shule, kanisa, majengo ya zamani yanayotumika kwa kazi mpya, na mikaratusi. Usipofika na maelezo yako mwenyewe kichwani, utaondoka na picha tatu za maji na utakubaliana na yule mwenye mtumbwi. Kwa hiyo hatua ya kwanza haihusu basi.

Hatua ya 1: Ijue habari yenyewe ukiwa bado nyumbani

Mwaka 1921 madaktari wawili Waingereza wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, walifika Kabale na kuanzisha hospitali. Ukoma ulikuwepo Kigezi, na dawa haikuwepo popote duniani. Kilichotumika zama zile ni mafuta ya mbegu za mti uitwao mchaulmoogra, yanayotiwa mwilini kwa sindano. Sindano zenyewe zilikuwa mateso, na kupata nafuu kulikuwa bahati nasibu. Tabibu asiye na dawa hubaki na njia ya tangu zamani, kumtenga mgonjwa na wazima. Mwaka 1931 Sharp akafungua makazi ya wagonjwa kisiwani Bwama.

Mwaka huohuo wa 1931, kule Afrika Kusini, hospitali ya wenye ukoma ya Robben Island ilifungwa baada ya kuwatenga watu tangu 1846. Kisiwa kimoja kinafunga, kingine kinafungua. Lakini usivichanganye hivi viwili. Robben Island ilifikia mahali pa kuwachukua watu kwa nguvu ya sheria. Bwama kiliendeshwa kama kijiji cha misheni: nyumba, mashamba, kanisa, tiba. Wengi waliofika pale walikuwa wameshatengwa na jamaa zao kabla hata mtumbwi haujawachukua. Sisemi hivyo kukipamba. Kisiwa ni kisiwa. Mtu ambaye vidole vyake haviwezi tena kukamata kafi, hata kama hakuna askari anayemlinda, maji yanamlinda.

Sasa ujue na ugonjwa wenyewe, maana utaulizwa na wenzako ukirudi, na pengine kabla hujaondoka mtu atakuuliza kama huogopi.

Ukoma huletwa na bakteria aliyegunduliwa na daktari wa Norway, Hansen, mwaka 1873. Hushambulia ngozi na mishipa ya fahamu. Ule uvumi wa vidole "kudondoka" hauko hivyo: mkono ukishakufa ganzi, mtu hushika sufuria la moto bila kusikia, hukanyaga mwiba na kuendelea kutembea nao, na kidonda juu ya kidonda ndicho kinachokula kiungo. Huambukiza kwa njia ya hewa, kutoka puani na mdomoni, na mara nyingi baada ya kukaa karibu na mgonjwa asiyetibiwa kwa muda mrefu. Hata hivyo miili ya walio wengi hujikinga yenyewe. Dawa ya dapsone ilianza kutumika miaka ya 1940. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza mseto wa dawa, ambao mgonjwa huumeza kwa miezi 6 au 12 kulingana na hali yake, na tangu 1995 dawa hizo hutolewa bure. Mgonjwa akishaanza dawa hizi haambukizi tena. Hakuna ukoma katika kuta za Bwama, wala katika udongo wake, wala katika maji ya ziwa.

Nilipokuwa mdogo, kwa jirani yetu kulikuwa na mzee mwenye kikombe chake cha bati. Kilitundikwa nje, kwenye msumari wa mlangoni, hata mvua inyeshe. Hatukuelezwa sababu, tulijua tu kwamba kile hakiguswi. Ninakutajia hili kwa sababu safari hii itakukumbusha kikombe chako mwenyewe. Karibu kila familia ya kwetu inacho, na Tanzania na Kenya zilikuwa na vijiji vyao vya kutengea: waulize watu wa Kigamboni juu ya Nunge, au wa Busia juu ya Alupe.

Na maneno. Vitabu vya zamani vinaandika "kambi ya wakoma". Ukiwa pale sema "watu waliougua ukoma". Kwa Kikiga, lugha ya huko, ugonjwa unaitwa *ebibembe*, nawe ukilisikia hilo neno katika mazungumzo ya watu, tulia usikilize, ila usiwe wa kwanza kulitamka kwa sauti kubwa gulioni.

Hatua ya 2: Nyaraka na pesa

Mkenya na Mnyarwanda huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania, sisi bado: beba pasipoti au hati ya dharura ya safari, viza haihitajiki. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mfukoni, si chini ya begi. Badilisha pesa za kutosha upate shilingi za Uganda ukiwa mjini, kwa sababu ziwani kila kitu ni taslimu, na chenji ya noti kubwa ni tatizo. Ukipata noti ya 5,000 itazame vizuri. Mandhari iliyochorwa pale ni Bunyonyi.

Hatua ya 3: Fika Kabale

Kutoka Bukoba ni kiasi cha kilomita 80 hadi mpaka wa Mutukula. Ukivuka, panda gari la Masaka. Usiende Kampala kisha urudi, ni kupoteza siku; Masaka ipo kwenye barabara kuu ya magharibi, na mabasi yanayotoka Kampala kwenda Kabale hupita hapo, kisha Mbarara, kisha Ntungamo. Ubaya wake ni kwamba yanafika Masaka yakiwa yamejaa. Mimi nilisimama toka Masaka hadi Mbarara nimekumbatia gunia la mahindi na mkoba wa mama mmoja aliyeniona mjinga wa kutosha kumshikia. Ukiweza, lala Masaka na uondoke alfajiri.

Anayetokea Nairobi au Kampala hana shida hiyo: mabasi ya Kabale yapo mchana na usiku, na safari kutoka Kampala ni zaidi ya kilomita 400, yaani siku nzima ya kukaa. Chagua la mchana. Milima ya Kigezi usiku hutaiona, na kona zake ni afadhali dereva azione.

Kutoka Kigali ndiyo njia fupi kuliko zote. Unapanda kwenye kituo cha mabasi cha Nyabugogo hadi mpaka wa Gatuna, upande wa Uganda wanauita Katuna, na kutoka hapo Kabale ni kama kilomita 20 tu. Kumbuka saa: Rwanda iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Watu huahidiana na wenye mitumbwi saa nne, wakafika saa tano, kisha wakalaumiana bure.

Hatua ya 4: Jiandae kwa baridi, kisha shuka ziwani

Ziwa liko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa pwani atapata tabu. Beba sweta zito, soksi, koti la mvua na kofia, maana jua la mchana juu ya maji linachoma ingawa hewa ni ya baridi. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Ukiweza kwenda Juni au Julai, nenda.

Kutoka Kabale hadi gati la Rutinda ni chini ya kilomita kumi. Boda zipo, teksi za kukodi zipo, na siku za gulio, Jumatatu na Ijumaa, yapo na magari ya wachuuzi. Nakushauri uende siku ya gulio hata kama kuna msongamano. Gari linapanda mlima uliokatwa matuta toka chini hadi juu, viazi, mtama, maharage, kisha ghafla unafika kileleni na ziwa lote liko chini yako, limejipinda baina ya vilima kama bonde lililomwagiwa maji. Na ndivyo lilivyo kweli: lava ya volkano iliziba bonde la mto maelfu ya miaka iliyopita, maji yakapanda, vilele vya vilima vikabaki vikiwa visiwa. Husemwa viko 29. Kwa sababu hiyo kingo zake ni za ghafla. Hatua chache toka ufukweni huna tena mahali pa kukanyaga. Utaambiwa kina chake ni mita 900. Wasimulizi wanapenda namba hiyo, lakini vipimo havifiki hata mita 50. Inatosha kuzama.

Ukishuka Rutinda siku ya gulio utaona mitumbwi imejaa viazi, mikungu ya ndizi, mbuzi waliofungwa miguu, na wanawake wamekaa juu ya mizigo na watoto mgongoni. Hapo ndipo utakapopata mtu wa kukuvusha.

Hatua ya 5: Mtumbwi

Kuna boti za injini na kuna mitumbwi ya gogo la mkaratusi lililochongwa. Boti inakufikisha upesi. Mtumbwi, jipangie saa nzima kwenda na nyingine kurudi, zaidi ukiwa na upepo. Mimi ninapendelea mtumbwi kwa sababu moja: ukienda kwa injini hutauhisi ule umbali, na umbali ndio uliokuwa tiba yenyewe ya Bwama kabla ya dawa.

Patana bei ukiwa nchi kavu, na itaje safari yote: kwenda, kusubiri, kupita visiwa vingine, kurudi. Mwenye mtumbwi anaposema "tutaelewana tu, sebo", yaani bwana, mjibu kwa upole kwamba tuelewane sasa. Lipa nusu. Dai jaketi la kuokolea, ulivae, ulifunge. Ukiambiwa wenyeji hawavai, ni kweli, na wenyeji huzama.

Ondoka asubuhi, saa mbili au saa tatu, ukungu ukishaanza kupaa. Asubuhi maji yametulia kama uji uliopoa. Alasiri upepo huinuka. Hakuna mamba wala kiboko katika ziwa hili, kwa hiyo kinachotisha ni maji tu.

Usijitie ujuzi wa kupiga kafi peke yako. Nilimwomba mwenye mtumbwi anipishe nyuma, nikijua nimekulia kando ya Ziwa Victoria. Mtumbwi ule hauna mkuku wa kuufanya unyooke. Una tumbo la duara na unageuka kwa pumzi. Nilipiga kafi kulia, ukageuka. Nikapiga kushoto, ukarudi ulikotoka. Baada ya robo saa tulikuwa tumezunguka mahali pamoja mara nne huku wanafunzi wawili wakitupita kwenye mtumbwi wao wenyewe, mabegi mapajani, hawasemi kitu kwa adabu, ila mabega yanatikisika. Nikarudi mbele.

Hatua ya 6: Ukikanyaga kisiwani

Hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu. Wanashuka na kamera mkononi, wanapanda moja kwa moja hadi madarasani, wanapiga picha watoto, wanauliza "wakoma walikaa wapi?" mbele ya wanafunzi mia. Fikiria mgeni angefanya hivyo shuleni kwa mwanao.

Anza ofisini. Piga hodi, jitambulishe, useme umekuja kuangalia historia ya makazi ya zamani, na uombe ruhusa. Salamu ya Kikiga *agandi* itafungua mlango, *webare* ya kushukuru itauacha wazi. Mhaya na Mnyambo wataelewa nusu ya yanayosemwa bila kufundishwa. Ukikuta kitabu cha wageni, andika. Kama una chochote cha kutoa, mkabidhi mwalimu mkuu, usigawe pipi ufukweni. Ukiweza epuka saa za masomo na wiki za mitihani. Jumamosi ni nzuri.

Omba mtu akutembeze. Bila mwenyeji, jengo ni jengo tu. Uliza maswali yanayojibika: kanisa hili lilijengwa kwa ajili ya nani? Nyumba za wagonjwa zilikuwa upande gani? Waliokufa walizikwa wapi? Watoto waliozaliwa hapa walikwenda wapi? Usitegemee majibu ya tarehe. Utapata majibu ya aina ya "bibi alisema", nayo yapokee kama yalivyo, bila kusahihisha.

Kuna vitu vitatu vya kuviangalia kwa macho yako. Cha kwanza ni kanisa. Ingia kama liko wazi, ukae dakika tano bila kuzungumza. Cha pili ni mpangilio wa majengo: tazama yalivyotandazwa kisiwani, uone kwamba huu ulikuwa mpango wa kijiji cha kuishi maisha yote, si wodi ya kupita. Cha tatu, na hiki hakuna atakayekuonyesha, ni nchi kavu ng'ambo. Panda juu kidogo, geuka, utazame. Mashamba ya ng'ambo yanaonekana waziwazi. Siku nilipokuwa pale niliona moshi wa jiko ukitoka juu ya paa moja, na mtu akianika nguo nyekundu kwenye ua. Nadhani hicho ndicho kilichokuwa kigumu zaidi. Watu wengine duniani walipelekwa mahali wasipoona kwao. Hapa ulikuwa unaona.

Picha: piga majengo na mandhari baada ya kuomba. Nyuso za watoto, hapana. Makaburi, uliza kwanza. Na ukikutana na mzee mwenye mikono yenye makovu, usianze kuhesabu vidole vyake. Ziwa hili lina wavuvi, wachonga mitumbwi na wapasua mawe wenye makovu ya kila namna.

Mwalimu aliyenitembeza aliniita kibarazani baadaye, akanimiminia bushera, ule uji mwembamba wa mtama unaonywewa huku baridi. Kikombe kilikuwa kimoja. Nilikunywa, nikamrudishia, akajimiminia na yeye, akaendelea kunieleza habari ya paa la bweni linalovuja.

Saa mbili zinatosha kisiwani. Ukikaa zaidi unakuwa mzigo kwa watu wenye kazi.

Hatua ya 7: Njuyeera na Akampene, njia ya kurudi

Njuyeera ndicho kisiwa alichokaa Dk. Sharp na familia yake, ndiyo maana wengine wanakiita kisiwa cha Sharp. Jina linasema lenyewe: *enju* ni nyumba, na jina lote ni nyumba nyeupe. Kiko jirani na Bwama. Kipite, hata kama hushuki, ili uone jinsi daktari alivyoishi karibu na wagonjwa wake lakini si miongoni mwao. Kuna watakaosema hiyo ni busara ya kitabibu, na watakaosema ni ukoloni. Mimi nimeona nyumba moja imewekwa ng'ambo ya maji kutoka kwa nyingine, na yote mawili yanatosha ndani yake.

Akampene kiko njiani, kidogo sana, nyasi na mti, unaweza kukipita usikione. Mwenye mtumbwi hatakuacha ukipite. Atakusimulia mabinti walioachwa pale wafe njaa au wajaribu kuogelea, na jinsi mwanamume asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kwenda kumchukua mmoja akamwoa bure. Desturi hiyo ilikwisha karne iliyopita. Sikiliza, lakini usikubali Akampene kiimeze Bwama. Watembeza wageni wanakipenda kwa sababu habari yake inasimulika kwa dakika tatu, na ina mwisho.

Chakula kula Rutinda: viazi mviringo, maharage, na kamba wa maji baridi wanaovuliwa ziwani humuhumu, wanaopikwa kwa mchuzi au hata kuingizwa ndani ya chapati. Fika gatini kabla ya saa kumi, upepo haujakaza, na kabla boda za kupanda mlima hazijapungua. Ile nusu ya nauli iliyobaki mpe mwenye mtumbwi ukishasimama kwenye nchi kavu kwa miguu yote miwili.